Disney World wawili tu, watoto wakiwa kwa bibi yao

Wanandoa wengi wanaokwenda Disney World, zile mbuga za michezo za Orlando, Florida, bila watoto huwaacha watoto nyumbani, lakini ratiba ya watoto huondoka nayo. Alfajiri wameshaamka, geti halijafunguliwa wao wapo, mchana kutwa ni foleni hii na ile, na usiku wanarudi hotelini miguu imevimba, kila mtu na simu yake, hana la kumwambia mwenziwe. Halafu utawasikia, "Ah, kule ni kwa watoto."

Mimi na Baba Nuru tunaishi Marietta, kaskazini ya Atlanta. Yeye kwao Pangani, mimi Mombasa, Kibokoni. Tumekwenda Orlando na watoto, tumekwenda wawili, na nakwambia hizo ni safari mbili zisizojuana. Ukiwa na watoto siku huanzia asubuhi na kila kitu kinapangwa kwenda mbele: bembea hii, kisha ile, kisha chakula kabla hawajaanza kulia. Mkiwa wawili, ipangeni siku kinyumenyume. Amueni kwanza jioni mtakaa wapi, mtakula nini, mtaangalia nini. Hapo ndipo mrudi nyuma hadi mchana, na asubuhi ijazwe na chochote kitakachobaki, hata kama ni usingizi.

Watoto kwanza

Raha hainogi akili ikiwa kwa mtoto. Sisi humwachia mama mkwe anapokuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa bibi yao haendeshi gari, shoga yangu wa jirani huwapeleka shule na kuwarudisha. Wiki moja kabla ya kuondoka hakikisheni majina ya hao wawili yako kwenye orodha ya shule ya watu wanaoruhusiwa kuwachukua watoto. Acheni kadi ya bima ya afya mahali panapojulikana, na barua mliyoitia sahihi kwamba bibi anaweza kuidhinisha matibabu. Kama mwangalizi hasomi Kiingereza, andikeni dawa na vipimo vyake kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mbandike kwenye friji. Kiti cha mtoto cha garini kihamishiwe gari la jirani usiku wa kuamkia safari. Asubuhi ya safari hakuna mtu mwenye subira ya kukifungua kile kiti.

Na msiende wakati wa likizo ya shule. Mtu akiambiwa "bila watoto" hudhani likizo ndiyo nafasi, kumbe ni kinyume chake. Wakiwa na shule, bibi anabaki na kazi ya jioni tu, na huko Disney foleni zinapungua kwa sababu watoto wa wenzenu nao wako darasani. Shule za Georgia na Florida hufunguliwa mapema Agosti, kwa hiyo mwisho wa Agosti na Septemba huwa pamelegea. Joto nalo halina huruma, na msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, basi chukueni hoteli ambayo mnaweza kuahirisha bila kupoteza hela. Mimi napenda zaidi wiki za mwanzo wa Desemba, baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba, na kabla ya Krismasi: taa zimeshawekwa, hewa ya jioni inataka kanzu ya mikono mirefu, na watu bado hawajafurika. Januari baada ya mwaka mpya pia si mbaya. Wiki ya Krismasi yenyewe, na likizo ya Machi na Aprili, msithubutu.

Simu kwa watoto iwe moja kwa siku, saa ile ile. Picha na Mickey msiwatumie. Mtajitafutia maneno.

Mahali pa kulala

Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na ardhi yake ni karibu kilomita za mraba 100. Hiyo ni sawa na mji mzima, kwa hiyo ukikosea hoteli utakula muda wako ndani ya mabasi. Mbuga zenyewe za michezo ni nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Hakuna hoteli ya Disney isiyopokea watoto, basi msipoteze muda kuitafuta. Tafuteni yenye bwawa dogo la pembeni, maana karibu kila hoteli kubwa ina bwawa kuu lenye mtelezo na makelele, na jingine tulivu ambalo watoto hawana haja nalo.

Kwa bei ya chini, sisi tungechagua Pop Century. Vyumba ni vidogo, mapambo ni ya kitoto kwelikweli, lakini iko kwenye njia ya Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza kazi Septemba 2019. Mnapanda wawili, mnapita juu ya miti na maji, mnashukia EPCOT au Hollywood Studios bila kusubiri basi, na mara nyingi kibanda chote kinakuwa chenu. Radi ikianza, kinasimamishwa. Kwa hiyo mchana wa kiangazi, mawingu yakishajikusanya, msiondoke dakika ya mwisho.

Aliye na gari asiogope kulala hapo kwa ajili ya maegesho: wageni wa hoteli za Disney hawalipii kuegesha usiku hotelini wala mchana mbugani. Anayekuja kwa ndege ajue kwamba lile basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando lilikwisha mwanzoni mwa 2022. Siku hizi ni Uber, Lyft au basi la kulipia.

Sasa nije kwenye hoteli ambayo Mswahili yeyote akiwa na mwenziwe anafaa kuiona, hata kama hatalala.

Kidani, Harambe na asubuhi moja ya Animal Kingdom

Animal Kingdom Lodge ilifunguliwa mwaka 2001. Ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na yote yamezungukwa na mbuga za wanyama kweli, si sanamu: twiga, pundamilia, na ng'ombe wa Ankole wenye zile pembe ambazo mtu wa Mbarara akiziona atasimama. Chumba kinachotazama mbuga kina roshani, na asubuhi unakunywa chai twiga wakipita chini yako. Bei yake ni mamia ya dola kwa usiku mmoja. Kama mfuko unaruhusu usiku mmoja tu, uwe huu, kisha mhamie hoteli ya bei nafuu. Mizigo wanawahamishia wao kutoka hoteli hadi hoteli.

Mfuko usiporuhusu, wekeni nafasi ya chakula Sanaa, mgahawa wa Kidani Village wenye madirisha makubwa yanayotazama mbuga. Nendeni chakula cha mchana au jioni mapema, kabla jua halijazama, maana kukiingia giza dirisha halina maana. Agizeni ile sinia ya mikate ya Kihindi na vichovyo tisa. Kuna cha ukwaju, cha embe, cha giligilani, na achari ya vitunguu saumu inayokwenda kichwani. Mtu wa Mombasa au Unguja hatashangaa kitu hapo, atajiona yuko kwa jirani. Sinia moja inawatosha wawili wasiokuwa na njaa ya Ramadhani. Baada ya kula, shukeni kwenye kijia cha kutazamia wanyama, mkae. Wafanyakazi wengi wametoka nchi za Afrika, hasa za kusini, na kibandiko cha jina kinaonyesha anakotoka mtu. Salimianeni nao. Tulipata mazungumzo marefu na kijana wa Botswana kuhusu ng'ombe, na nusura tukose basi.

Jambo House ina Boma, bufee, na Jiko, mgahawa wa taa hafifu wenye mvinyo mwingi wa Afrika Kusini. Kwa wanandoa wanaotaka kuvaa vizuri na kukaa saa mbili mezani, Jiko ndiyo. Boma ni kwa wenye njaa. Kwa sisi tusiogusa pombe, neno moja: kitindamlo mashuhuri cha hapo, Zebra Domes, vile vibonge vya chokoleti vyenye mistari, kina pombe ya Amarula ndani. Ulizeni kabla ya kutia mdomoni. Na kabla ya kuweka nafasi popote angalieni kama pako wazi, kwani mahoteli haya hufungwa kwa zamu kwa matengenezo.

Kwa nyama ya halali, andikeni mnapoweka nafasi na mkifika mwambieni mhudumu; migahawa ya kukaa mezani imezoea masharti ya chakula, na mara nyingi mpishi mwenyewe hutoka kuzungumza nanyi. Lakini ukweli ni kwamba samaki na vyakula visivyo na nyama viko kila mahali, na menyu huviwekea alama ya jani vile visivyo na kitu cha mnyama. Tulishazoea, hatuumii.

Mbuga yenyewe, Animal Kingdom, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Hufungwa mapema kuliko nyingine, kwa hiyo ndiyo pekee ninayowaambia mwende asubuhi. Mkilala hoteli ya Disney mnaingia nusu saa kabla ya watu wengine. Nendeni moja kwa moja Kilimanjaro Safaris: lori wazi, mwendo wa kama dakika ishirini, wanyama wakiwa wameamka na bado hawajajificha kwenye vivuli. Aliyewahi kuingia Tsavo au Mikumi atacheka kidogo, kwa sababu simba yuko pale pale kila siku juu ya jabali lake. Hata hivyo okapi mimi sijamwona kwetu, maana yeye ni wa misitu ya Kongo. Nilimwona hapa.

Kijiji kinachozunguka safari hiyo kinaitwa Harambe, na kilichorwa kwa kufuata Lamu. Joe Rohde, aliyeongoza kazi ya kuibuni mbuga hii, alisafiri na wenzake Afrika Mashariki kabla ya kuchora. Kuta zimechubuliwa kwa makusudi zionekane zimekula chumvi ya bahari, mawe ya matumbawe yanachungulia, matangazo ya Kiswahili yamebanduka nusu. Kwa hadithi yao, kijiji kilipata uhuru mwaka 1961, kama Tanganyika. Kuna Mombasa Marketplace, kuna Dawa Bar, kuna Tamu Tamu. Huu ndio mchezo ambao watalii wengine wote hawauwezi: zungukeni bila haraka, msome kila kibao, kila bango, mshindane nani ataona kosa la tahajia kwanza. Tulishinda kivulini pale karibu asubuhi nzima, na wenye vigari vya watoto walikuwa wanatupita mbio kama wanaowahi feri ya Likoni.

Tusker House ni bufee ya humo humo, lakini Donald, yule bata wa katuni, na wenzake hupita meza kwa meza kupiga picha. Ni pazuri, ila si pa wawili.

Kisha ingieni njia ya miguu ya Gorilla Falls: kuna gorila wa nyanda za chini, kuna viboko mnaowatazama chini ya maji kupitia kioo. Hadi mwaka 2016 njia hii iliitwa Pangani. Baba Nuru alipojua kwamba jina la kwao lilifutwa, alinuna hadi chakula cha mchana.

EPCOT, na namna ya kula dunia nzima bila kugombana

Mkiwa na siku moja tu ya tiketi, iwe EPCOT. Ilifunguliwa mwaka 1982, na nusu yake ya nyuma ni nchi kumi na moja zilizopangwa kuzunguka ziwa: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Morocco, Ufaransa, Uingereza na Canada. Mzunguko mzima ni kama kilomita mbili. Upande huu kwa kawaida hufunguliwa saa tano asubuhi, jambo linaloonyesha wazi kwamba watu wazima ndio waliofikiriwa.

Sisi hufika saa kumi jioni. Tunaingia mlango wa nyuma, International Gateway, ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, ndipo Skyliner inaposhusha. Kanuni yetu ya chakula: sahani moja, vijiko viwili, nchi nyingine. Hakuna kukaa mezani kula mlo mzima hapa. Mkate na keki Ufaransa, karameli Ujerumani, kitu cha wali Japani, na kila kituo mnagawana. Wakati wa matamasha vibanda huongezwa njia nzima vyenye sahani ndogo ndogo: la sanaa ni Januari na Februari, la maua linaanza Machi, la chakula linaanza mwisho wa Agosti hadi Novemba. Sahani hizo huonekana rahisi, dola sita, dola nane, lakini mkifika ya kumi mmeshamaliza pesa ya mgahawa wa heshima. Wekeni kiasi kwenye kadi ya zawadi kabla ya kuingia, ikiisha, mmeshiba.

Ijumaa na Jumamosi usiku epukeni. Kuna watu wazima wanaozunguka wakinywa kinywaji kimoja kila nchi, na wakifika ya saba au ya nane hawajui tena wako nchi gani. Jumanne au Jumatano ni shwari.

Pa kukaa ni Morocco. Ilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan II alituma mafundi wake kutoka kwao kuja kupanga vile vigae vidogo kimoja kimoja. Watu wengi huishia mbele, wakaona mnara ulioigwa kwa ule wa Koutoubia wa Marrakesh, wakapiga picha, wakaondoka. Pitieni mlango hadi ndani, kwenye vichochoro. Kuna viti, kuna maji yanayotiririka, kuna baridi. Kwa aliyekulia Mji wa Kale, hapo moyo hutua.

Kwa nini Afrika yote haina nchi nyingine hapo? Zamani Disney walitangaza banda la Afrika ya Ikweta, halikujengwa. Mahali pake, kati ya China na Ujerumani, pamebaki kituo kidogo kiitwacho Outpost, chenye ngoma na vinywaji baridi. Sisi hununua maji hapo, tunapiga ngoma mara mbili, tunaendelea na safari.

Nusu ya mbele ya EPCOT ina Living with the Land, mashua ya polepole inayopita ndani ya mabanda ya kilimo halisi: mapapai, migomba, fenesi linaloning'inia juu ya vichwa vya Wazungu wanaouliza ni nini lile, na matangi ya samaki aina ya perege. Foleni yake mara nyingi ni fupi kwa sababu watoto huiona ya kuchosha. Tuliipanda mara mbili mfululizo. Baba Nuru ana shamba lake huko kwao na tangu siku ile ana mipango ambayo nimeikataa yote. Wanaopenda mambo hayo wanaweza kulipia matembezi ya mguu ya kama saa moja ndani ya mabanda hayo, yanaitwa Behind the Seeds. Kwa wanandoa wanaolima ni bora kuliko bembea yoyote.

Usiku kuna fataki juu ya ziwa. Zinaonekana pande zote, kwa hiyo chagueni mahali kwa kufikiria mtakavyotoka: simameni upande wa Uingereza, karibu na ule mlango wa nyuma. Fataki zikiisha, umati wote unaelekea mbele, nyinyi mnapiga hatua chache mko kwenye Skyliner.

Bembea za kasi

Hapa ndoa hujulikana. Mara nyingi mmoja anataka kupinduliwa kichwa chini, mwingine hataki hata lifti. Kwetu mwenye wazimu ni mimi. Ukiwa na watoto hilo ni tatizo la nani abaki na mdogo. Mkiwa wawili suluhisho ni foleni ya mtu mmoja mmoja, ambayo hujaza viti vilivyobaki. Expedition Everest pale Animal Kingdom wanayo, na Smugglers Run ya Hollywood Studios wanayo pia. Ninaingia, dakika kumi na tano au ishirini nimeshatoka, yeye yuko na kahawa yake. Wanaotaka kukaa pamoja wasiitumie, maana mtatenganishwa.

Njia ya kulipia ya kuruka foleni inaitwa Lightning Lane. Aliyelala hoteli ya Disney anaweza kununua siku saba kabla ya kufika, wengine siku tatu kabla, saa moja asubuhi ya Florida. Kwa maoni yangu inunueni siku ya Hollywood Studios tu, kama mnakwenda. Hiyo ni mbuga ya bembea, na bila kulipia mtasimama. Mkiwa na siku tatu pekee, iacheni kabisa.

Magic Kingdom baada ya Isha

Hii ndiyo yenye kasri, na ndiyo yenye watoto wengi kuliko zote. Ingieni jua likishuka, wakati wazazi wanabeba waliolala. Kile kitreni cha taratibu cha PeopleMover hakina kasi, hakina maji, kinapita juu juu kati ya taa za Tomorrowland na mnaweza kuongea. Wenye moyo waende TRON, bembea ya kasi iliyofunguliwa 2023; usiku ndiyo wakati wake.

Fataki za kasri mnaweza kuziona bila hata tiketi. Pandeni treni ya reli moja inayozunguka hoteli za Contemporary, Polynesian na Grand Floridian, haina malipo, mshuke Polynesian na mkae kwenye mchanga ufukweni. Kasri liko ng'ambo ya maji, na muziki wa maonyesho husikika hapo. Chukueni kitu cha kula, fikeni nusu saa kabla.

Hapo Grand Floridian kuna Victoria & Albert's, mgahawa usiopokea watoto walio chini ya miaka kumi, uliopewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora, mwaka 2024. Mlo ni kuanzia takriban dola 300 kwa mtu mmoja, na mwanamume sharti avae koti. Sisi hatujala, na kwa bei hiyo nikila nitakuwa nahesabu kila tonge. Lakini ukumbi wa hoteli ni wazi kwa wote, piano hupigwa jioni, viti ni laini. Vaeni mlivyokusudia kuvaa mgahawani, agizeni chai, mkae.

Siku isiyo na tiketi

Hili watu hawaliamini hadi walijaribu. Tiketi ya siku moja huanzia karibu dola 119 na siku za msongamano hupita dola 190, kwa kila mtu, na bei hubadilika kwa tarehe. Basi katikati ya safari wekeni siku nzima ambayo hamwingii mbuga yoyote. Laleni hadi mchoke. Bwawani adhuhuri. Alasiri nendeni BoardWalk, mtembee kandokando ya maji, au Disney Springs, ambako kuingia na kuegesha gari ni bure, kuna maduka na migahawa na wapiga muziki. Mnaweza pia kurudi Kidani kutazama twiga. Siku hiyo ndiyo tunayoikumbuka zaidi kuliko zile za tiketi, na ndiyo iliyotugharimu kidogo.

Migahawa ya kukaa mezani hufunguliwa kwa kuwekewa nafasi siku 60 kabla, saa kumi na mbili asubuhi. Aliye na hoteli ya Disney anaweza siku hiyo kuweka nafasi za safari yake yote hadi siku kumi. Wekeni mbili tu, za jioni mbili mnazozitaka kweli. Nyingine ziacheni wazi. Bei za menyu hazina kodi ndani yake. Kodi ya mauzo pale ni asilimia 6.5, na bakshishi ya mhudumu asilimia 18 hadi 20. Hesabuni kabla ya kuagiza, si baada.

Yanayoleta ugomvi

Miguu ni ya kwanza. Mtatembea kilomita kumi na zaidi kwa siku, na viatu vipya vitaleta malengelenge kabla ya adhuhuri. Raba mliyoizoea, soksi za akiba kwenye begi, plasta. Ya pili ni joto: maji ya barafu hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula cha haraka ukiomba kikombe, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua chupa. Makoti ya mvua nunueni nyumbani. Ya tatu ni simu. Kila kitu huko kiko kwenye programu ya Disney, ramani, foleni, chakula, na mmoja wenu atageuka karani. Sisi tunabadilishana: leo simu yangu, kesho yake, na asiye zamu haruhusiwi kuuliza foleni ni dakika ngapi. Chukueni chaja ya mkononi.

Ya nne ni picha. Wapiga picha wa mbugani watapiga pia kwa simu yako mwenyewe ukiwaomba, bila malipo. Na ofisi ya huduma kwa wageni hutoa vibeji vya bure vya kusherehekea ndoa. Vaeni hata kama mmeoana zamani; mtapongezwa na kila mfanyakazi mnayepishana naye, na kuna mtu mzima mmoja wa Pangani ambaye alijidai hataki kisha akakivaa hadi kituo cha petroli cha Georgia.

Siku ya kuondoka chumba kinatakiwa kiwe wazi saa tano asubuhi. Mizigo waachieni wahudumu wa hoteli au itieni garini, kwa sababu bwawa mnaruhusiwa kuendelea kulitumia siku hiyo yote. Sisi tunaogelea hadi alasiri, tunakula, ndipo tunashika njia, ili tupite Atlanta usiku barabara zikiwa tupu.